Jibu la Kitendawili Ambacho Hakijategwa

Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha sita katika mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) huingia chuo kikuu akiwa na imani moja ambayo miaka yote ya shule imemthibitishia: kwamba hisabati ni kazi ya kutafuta jibu. Amezoea kupewa mlinganyo akautatua, kupewa mkunjo akatafuta mteremko wake, kupewa mipaka akakokotoa eneo lililo chini ya mchoro, kisha akafungua kurasa za mwisho za kitabu kuhakikisha kwamba namba aliyoipata ndiyo iliyochapishwa. Halafu hukutana na somo la uchanganuzi wa namba halisi, na kwa mara ya kwanza anafungua kitabu cha hisabati ambacho karibu hakimwombi namba yoyote. Zoezi baada ya zoezi huanza na neno lile lile, "Thibitisha", na nyuma ya kitabu hakuna majibu.

Mfano ninaoufahamu vizuri zaidi ni Principles of Mathematical Analysis, kitabu cha Walter Rudin, mzaliwa wa Vienna, alichokiandika alipokuwa mwalimu kijana katika chuo cha MIT nchini Marekani. Kilitoka mwaka 1953, toleo lake la tatu likatoka mwaka 1976, na toleo hilo ndilo ambalo bado linasomeshwa katika vyuo vingi duniani. Kina sura 11, na michoro karibu hakuna. Inakuja fasili, inafuata theoremu, unafuata uthibitisho wenye mistari sita, kisha fasili nyingine. Wanafunzi wa Marekani wamekipachika jina la "Rudin mtoto" ili kukitofautisha na kitabu kikubwa zaidi cha mwandishi huyo huyo. Mtoto huyu, ni haki kusema, amewaliza watu wazima wengi.

Husemwa mara kwa mara kwamba vitabu vya namna hii ni vigumu kwa sababu vimejaa alama, au kwa sababu vinadai akili ya pekee. Sikubaliani na maelezo hayo. Alama zenyewe hujifunzwa kwa wiki moja, na hoja nyingi za sura za mwanzo hazihitaji zaidi ya aljebra ya kidato cha pili. Ugumu uko mahali pengine: kitabu kinatoa majibu na kuyaficha maswali. Katika utamaduni wetu, mtegaji husema "Kitendawili!", hadhira hujibu "Tega!", naye hutega: "Nyumba yangu kubwa haina mlango." Hapo ndipo neno "yai" linapopata maana. Sasa mfikirie mtu anayeingia barazani, anasema "yai", kisha "kivuli", kisha "ulimi", halafu anakaa kimya akitarajia makofi. Fasili za kitabu cha uchanganuzi humfikia mwanafunzi hivyo hivyo, nami nadai kwamba kazi ya kujifunza somo hili, karibu yote, ni kurudi nyuma na kutafuta kitendawili ambacho kila fasili ni jibu lake.

Tuanze pale anapoanzia Rudin mwenyewe. Ukurasa wa kwanza unaonyesha kwamba hakuna sehemu, yaani namba kamili juu ya namba kamili, ambayo kipeo chake cha pili ni 2. Uthibitisho wake unategemea mambo mawili tu, shufwa na witiri, maneno ambayo kwa Mswahili ni ya kale na ya karibu, kwani wanaoswali sala ya usiku wanayajua kabla ya kujua hesabu. Chukua sehemu iliyorahisishwa kabisa. Kama kipeo chake ni 2, basi namba ya juu lazima iwe shufwa. Ikiwa ni shufwa, ya chini nayo inalazimika kuwa shufwa. Na sehemu ambayo juu na chini ni shufwa haikurahisishwa. Mwanafunzi anatikisa kichwa kukubali, pengine anachoka kidogo kwa kuwa jambo hilo alilisikia shuleni, na anageuza ukurasa.

Hapo ndipo anapopigwa chenga. Mwandishi anazigawa sehemu zote chanya katika makundi mawili: zile ambazo kipeo chake cha pili ni chini ya 2, na zile ambazo kipeo chake ni zaidi ya 2. Kisha, bila onyo, anasema: kwa kila p, chukua q iliyo sawa na 2p + 2 ikigawanywa kwa p + 2. Mistari minne baadaye amethibitisha kwamba kundi la chini halina namba iliyo kubwa kuliko zote, na kundi la juu halina iliyo ndogo kuliko zote. Fomula ile imetoka wapi? Kitabu hakisemi neno. Mwanafunzi mwenye bidii anaikariri, na mwenye wasiwasi anaamua kwamba watu wanaobuni fomula kama hizo ni wa kabila jingine la binadamu.

Afadhali achukue kalamu na ajaribu. Akianza na 1, fomula inampa 4/3, halafu 7/5, halafu 24/17, halafu 41/29. Vipeo vyake vya pili ni 1 yenyewe, kisha 1.78 hivi, 1.96, 1.993 na 1.9988: vinapanda kila hatua na haviivuki 2. Akianza upande wa pili na 2, anapata 3/2, 10/7, 17/12, ambazo vipeo vyake vinashuka kuelekea 2 bila kuifikia. Sasa kitendawili kimejitega chenyewe. Tulihitaji kuisogeza p kidogo kuelekea mahali penye 2, kwa hatua inayotoweka pale tu kipeo kinapokuwa 2 kamili, na hatua hiyo isiwe ndefu kiasi cha kuvuka upande wa pili. Ukipima hatua kwa tofauti ya p² na 2, kisha ukaipunguza kwa kuigawa kwa p + 2, unapata fomula ya Rudin, na aljebra fupi inaonyesha kwamba q² − 2 ni sawa na 2(p² − 2) ikigawanywa kwa kipeo cha pili cha p + 2, kwa hiyo q hubaki upande ule ule wa p. Hakuna muujiza. Kuna fundi aliyekwisha kuondoa jukwaa baada ya kumaliza ukuta.

Tena suala lenyewe si 2. Suala ni kwamba mstari wa sehemu, ambao kwa macho unaonekana umejaa kwa sababu kati ya sehemu mbili zozote ipo nyingine, una matundu, na mtu anaweza kuusogelea ukingo wa tundu milele bila kukuta namba ya kusimamia. Richard Dedekind, mwanahisabati wa Ujerumani, alilihisi tatizo hilo darasani. Mwaka 1858 alikuwa akifundisha kalkulasi Zürich, naye hakuridhika kwamba kila alipotaka kueleza kwa nini kiasi kinachokua bila kuvuka mpaka fulani lazima kiwe na kikomo, alilazimika kuonyesha mchoro na kuomba wanafunzi wakubali kwa macho. Jibu lake, la kuigeuza mikato ya mstari wa sehemu kuwa namba zenyewe, alilipata mwaka huo huo na kulichapisha mwaka 1872. Mwanafunzi wa leo analikuta jibu hilo mwanzoni mwa kitabu, katika sentensi moja kavu inayosema kwamba kila seti ya namba halisi isiyo tupu na iliyo na mpaka wa juu ina mpaka wa juu ulio mdogo kuliko yote. Hatua ya mwisho ya safari ya watu wengi ndiyo hatua yake ya kwanza, na hakuna aliyemwambia kwamba watu walisafiri.

Nitakaa zaidi kwenye mfano wa pili, kwa sababu ndani yake lugha yetu ina la kusema.

Mwaka 1821 Augustin-Louis Cauchy, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ufaransa, alichapisha masomo yake ya École Polytechnique, chuo cha Paris, na humo akatoa theoremu kwamba ukijumlisha mfululizo wa fanksheni zenye mwendelezo, yaani ambazo mkunjo wake haukatiki, na jumla ikawa na kikomo, basi jumla hiyo nayo ina mwendelezo. Miaka mitano baadaye Niels Henrik Abel, kijana wa Norwe aliyekuwa na umri wa miaka 24 hivi, aliandika katika tanbihi, kwa adabu zote, kwamba inaonekana theoremu hiyo ina mambo yanayoivunja, akataja mfululizo wa mawimbi ya saini ambao jumla yake inaruka ghafla. Ilichukua zaidi ya miaka 20 tangu kitabu cha Cauchy kutoka hadi watu kubainisha sharti lililokosekana, na wanahistoria wanabishana hadi leo kuhusu alichomaanisha hasa. Kwangu ubishi huo wenyewe ni ushahidi: maneno yake hayakuweka wazi nini kinatangulia nini.

Mfano mwepesi zaidi ni x ikizidishwa yenyewe mara n, kwa x kuanzia 0 hadi 1. Chagua x yoyote iliyo chini ya 1, ongeza n, na namba inayeyuka kuelekea 0. Ila kwenye 1 yenyewe inabaki 1. Kila mkunjo unapita bila kukatika, lakini kikomo chake kimekatika mwishoni. Kosa liko wapi? Tuulize n inapaswa kuwa kubwa kiasi gani ili tushuke chini ya 0.1. Kwa x = 0.5 inatosha n iwe 4. Kwa 0.9 inahitajika 22, kwa 0.99 inahitajika 230, na kwa 0.999 inahitajika 2302. Kila x inayo n yake, ila hakuna n moja inayowatosha wote.

Sema sasa kwa Kiswahili: "Kila kijiji kina kisima." Halafu sema: "Kuna kisima kimoja cha vijiji vyote." Hakuna mama anayeteka maji atakayezichanganya sentensi hizo mbili, kwa sababu anajua atatembea umbali gani katika hali ya pili. Hiyo ndiyo tofauti nzima kati ya aina mbili za kukaribia kikomo ambazo Rudin anazitenga katika sura ya saba, na ambayo wanafunzi wengi huiandika kwa alama sahihi kwenye mtihani bila kuwahi kuisikia ikisemwa. Katika aina ya kwanza unatajiwa epsiloni, yaani kiasi cha kosa kinachoruhusiwa, kama ile 0.1 ya hapo juu, na kijiji, ndipo unachimba kisima. Katika aina ya pili unatajiwa epsiloni tu, unachimba mara moja, na vijiji vyote vinakuja kwako.

Mtu anaweza kudai kwamba hii ni mifano ya kuwabembeleza wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Naiona ni kazi ya hisabati yenyewe. Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali alijifunza namba tasa na kigawe kidogo cha shirika kwa Kiswahili, akahamia Kiingereza alipoingia sekondari, na anapofika kwenye uchanganuzi anasoma sentensi zenye "kwa kila" na "kuna" zilizopandana tabaka tatu, katika lugha ambayo hajawahi kugombana nayo nyumbani. Kupanga tabaka hizo ndiyo somo lenyewe. Basi kuyasema maneno hayo upya katika lugha anayoiota si kushusha kiwango. Ni kuipima sentensi kwa sikio lililokomaa.

Sikio hilo nalo, hata hivyo, linahitaji kunolewa, maana Kiswahili chetu cha kila siku kina mitego yake. Watu husema "Vyote ving'aavyo si dhahabu", na kila mmoja anaelewa kinachokusudiwa, ingawa ukiishika sentensi kwa ukali wa mantiki imesema kwamba hakuna kitu king'aacho kilicho dhahabu, jambo ambalo sonara yeyote atalikataa. Usemi sahihi ni "Si kila king'aacho ni dhahabu." Kwenye mazungumzo tofauti hiyo haigharimu kitu. Kwenye uchanganuzi inagharimu ukurasa mzima, kwa kuwa kukanusha fasili ya kikomo kunataka kila "kwa kila" igeuke "kuna" na kila "kuna" igeuke "kwa kila", huku mpangilio ukibaki pale pale. Neno "yoyote" ni baya zaidi. "Ikiwa namba yoyote katika seti ni hasi" linaweza kumaanisha kwamba imetosha kupatikana moja, na linaweza kumaanisha zote. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza nusu ya alama za swali kwa sababu ya "yoyote" moja, na aliyesahihisha, ambaye sikumpenda siku ile, alikuwa na haki.

Jambo la tatu ni lile linalowafanya wengi wakifunge kitabu: seti kompakti, inayoletwa katika sura ya pili, kabla ya vikomo, kabla ya mwendelezo, kabla ya chochote ambacho msomaji angeweza kukitumia kuielewa. Fasili inasema kwamba seti ni kompakti ikiwa kila funiko lake la seti zilizo wazi lina seti chache zenye idadi inayohesabika hadi mwisho, ambazo zenyewe zinatosha kuifunika. Hili ni "yai" lililotupwa barazani kwa nguvu zote. Naliona ni kosa la ufundishaji, hata kama kwa mantiki mpangilio hauna dosari, na mwalimu anayefuata kitabu hiki ana wajibu wa kulirekebisha.

Kitendawili chenyewe ni kisima kile kile. Fanksheni yenye mwendelezo inakuahidi hivi: nitajie nukta, nitajie epsiloni, nami nitakupa delta, yaani umbali ambao ukitembea ndani yake thamani yangu haibadiliki zaidi ya epsiloni. Kila nukta ina delta yake. Je, lini tunaweza kupata delta moja inayozitosha nukta zote? Kama nukta zingekuwa kumi tungechukua delta iliyo ndogo kuliko zote kumi, na mambo yakaisha. Lakini nukta hazina idadi, na katika delta zisizo na idadi huenda ndogo kuliko zote isiwepo, zikawa zinapungua na kupungua kuelekea 0. Ndivyo inavyokuwa kwa 1/x karibu na 0: kadiri unavyosogea ukingoni mkunjo unazidi kusimama, na delta zinakonda hadi hakuna inayofaa kote. Sasa zungushia kila nukta kipande chenye upana wa nusu ya delta yake kila upande. Vipande hivyo vyote pamoja vinaifunika seti. Ikiwa fasili ya kompakti inatuhakikishia kwamba vichache kati yake vinatosha kufunika, tumerudi kwenye hali ya nukta kumi: tunachagua kilicho kidogo kuliko vyote na tumepata delta moja. Mwanahisabati Eduard Heine alichapisha matokeo ya namna hii kwa kipande kilichofungwa mwaka 1872, mwaka ule ule wa kijitabu cha Dedekind, na mwenzao Émile Borel akaitenga hoja ya mafuniko mwaka 1895. Wao walikuwa na swali mkononi. Mwanafunzi anapewa chombo na kuambiwa atakijua matumizi yake baada ya sura mbili.

Je, basi kitabu kitupwe, tuchukue vile vinavyoeleza kwa upole na michoro tele? Vipo, na kwa msomaji anayejisomea peke yake ningevipendekeza kwanza. Lakini ufupi wa Rudin una faida ambayo vitabu vya maneno mengi havina: unaacha nafasi. Pale anaposema "ni wazi kwamba", msomaji analazimika kuandika mistari mitatu pembeni, na mistari hiyo mitatu ni mali yake kuliko ukurasa mzima wa maelezo ya mtu mwingine. Ukurasa mmoja kwa jioni moja ni mwendo mzuri. Anayesoma kurasa kumi kwa siku amesoma herufi. Kitabu hiki kiliandikwa na mwalimu aliyekuwa na wanafunzi wa kubishana nao. Kikiwekwa mbele ya ukumbi uliojaa, ambako mhadhiri ananakili theoremu ubaoni na semina inahudhuriwa na wachache, ufupi ule ule unageuka ukuta.

Matokeo tunayajua. Mwanafunzi anatafuta desa, majibu ya mazoezi yaliyopigwa chapa na walio mbele yake au yaliyopakuliwa kwenye intaneti, na anayakariri jinsi alivyokariri fomula ya eneo la duara. Sioni busara ya kumlaumu yeye pekee. Mtihani unaosema "Taja theoremu na uithibitishe" unamlipa anayekariri sawasawa na anayeelewa, pengine zaidi, kwa kuwa anayeelewa hutumia muda kufikiri. Jibu la mtu mwingine lina faida likisomwa baada ya kuhangaika siku mbili na kushindwa, kwani kufikia hapo msomaji anajua hasa ni mstari upi alioukosa; likisomwa dakika ya tano linaua kitendawili kabla hakijategwa.

Ningependa watunga mitihani wabadilishe swali. Wampe mwanafunzi theoremu ya Heine, ile ya delta moja inayozitosha nukta zote, pamoja na uthibitisho wake wote, akiwa na ruhusa ya kuutazama, kisha waondoe nukta moja tu: badala ya kipande cha kuanzia 0 hadi 1 pamoja na ncha zote mbili, waweke kile kile bila 0. Wamuulize uthibitisho unavunjika kwenye mstari upi. Aliyekariri atasoma kuanzia juu hadi chini na kuona kila kitu kiko sawa, kwa sababu kila nukta bado ina delta yake na vipande bado vinafunika. Mwenzake ataweka kidole pale panaposema kwamba vichache vinatosha, ataandika vipande vinavyoanzia 1/n na kuishia 2, kwa n kuwa 1, 2, 3 na kuendelea, na ataonyesha kwamba vyote kwa pamoja vinaifunika seti, ilhali ukichukua vichache vyovyote, zipo namba karibu na 0 zinazobaki nje.